Wazee wa Kubadilishana

Kwanza nikwambie habari ya hoteli yangu, maana bila hoteli ile nisingejua hata nusu ya mambo haya. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya kituo cha kupimia majani chai, chini kidogo ya barabara inayopanda kwenda Boito. Benchi tatu, jiko la kuni, na mlango ambao mchana haukufungwa. Mwaka ule wa tisini na nane lori la kiwanda lilichelewa karibu kila siku, kwa sababu mvua ya El Nino ilikuwa imeila barabara yote. Wanawake walipanga vikapu vyao kwenye foleni, wakaja kukaa kwangu. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Wakikaa wanasema, wakisema nasikia, na nikisikia siwezi kulala nayo peke yangu. Ndiyo sababu watu waliniita Mama Vinny Redio.

Bochaberi alikuwa akikaa benchi ya karibu na mlango. Alikuwa Mkisii, mjane, mwembamba, mcheshi akiwa ameshiba na mkali akiwa na njaa. Baba mkwe wake, Mzee Nyamwange, alinunua shamba upande wetu zamani, mzungu alipoondoka, akalijaza chai mpaka kwenye mto. Mzee alikuwa na vijana wawili. Mkubwa ndiye aliyemwoa Bochaberi, akaugua kifua akafa, akamwacha na wasichana wawili. Mmoja alikuwa ameshaolewa, wa pili, Valary, alikuwa darasa la saba. Kijana mdogo ni Onsongo, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale Kapkatet. Huyo na mke wake waliishi huko huko mjini. Nyumbani alionekana pesa ya chai ikitoka, kama mchwa na mvua.

Halafu Mzee Nyamwange akapooza. Upande wote wa kulia ukafa, mdomo ukavutwa kando, ulimi ukabaki nusu. Hospitali ilikaa naye kidogo, ikasema sasa atunzwe nyumbani. Nyumbani palikuwa na nani? Bochaberi.

Sasa hapo ndipo penye shida. Kwa Wakisii kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa kijana wake. Mke wa kijana hamgusi baba mkwe, hakai kitandani pake, na kumwona uchi, hilo hata kulisema ni vibaya. Sisi Wakipsigis tunagombana na Wakisii kwa mengi, lakini hapo tunaelewana kabisa. Basi mwambie mtu wa namna hiyo amwoshe mzee anayejichafua kitandani.

Mwanzoni Onsongo aliajiri kijana fulani, akawa analewa, akatoweka na blanketi mbili za mzee. Hakuajiri mwingine. Alimwambia Bochaberi, "Shemeji, wewe ndiye uko hapa. Jipange."

Siku moja Bochaberi alikuwa ameketi kwangu, chai imepoa mbele yake. Kando yake aliketi Chemutai, mke wa Gibson, kutoka ng'ambo ya kijito. Chemutai naye alikuwa na baba mkwe kitandani, Mzee Kipkosgei, ambaye sukari ilikuwa imempofusha macho na kumkata mguu. Gibson alikuwa akisema atamwosha baba yake jioni, na kila siku ina jioni yake.

"Wako ameoshwa lini?" Chemutai akauliza.

"Usiniulize nikiwa na chai."

"Wangu tangu Jumapili. Nimemwekea maji mlangoni, nikamwambia ajipapase. Mtu haoni, mguu mmoja, ajipapase namna gani?"

Halafu Bochaberi akasema, polepole, kama mtu anayefikiria kwa mdomo, "Wangu si baba mkwe wako."

"Eh?"

"Nasema wangu si mkwe wako. Wewe ni mtu wa nje tu. Ni kama nesi."

Chemutai alimtazama, akacheka mpaka akashika meza yangu. Lakini kesho yake alivuka kijito na beseni.

Ujue boma hizo mbili hazikuwa za kutembeleana. Miaka sita nyuma, wakati wa vita vya kabila, watu wa Kipkosgei walilala nje na mishale upande huu, na watu wa Nyamwange wakalala nje na mapanga upande ule. Chemutai alipoingia chumbani mara ya kwanza, Mzee Nyamwange akasema kwa ule ulimi wake wa nusu, "Wameniletea adui anioshe."

"Geuka, boiyot," Chemutai akamjibu, akimwita mzee kwa lugha yetu. "Adui akufikie mgongo."

Ikawa hivyo. Bochaberi anavuka kumwosha Kipkosgei, Chemutai anavuka kumwosha Nyamwange, wanapishana kwenye daraja la magogo na mabeseni yao wakiulizana, "Wangu ameamkaje?" Wanawake wengine wakasikia, na sisemi wamesikia kwa nani. Tecla akabadilishana na jirani yake. Janeffer akatafuta mwenzake. Kufikia Agosti walikuwa zaidi ya kumi, na asubuhi ukisimama kwa mlango wangu unaona mabeseni yanapanda na kushuka kati ya mistari ya chai. Watu walicheka, wakawaita Wanawake wa Kubadilishana Wazee.

Lakini kitu ukikifanyia nyumba ya jirani unakiona vizuri. Nyumbani kwako ni maisha tu, ni jasho, ni usiku. Kwa jirani unaona ni kazi. Bochaberi ndiye alisema hivyo, hapo kwenye benchi ya mlango.

"Mwenye duka pale juu alimlipa dada fulani kumwangalia mama yake. Mimi nafanya ile ile, na majani nachuma, na ng'ombe nakamua, na majani yanaandikwa kwa namba ya mzee kiwandani, na bonasi ya mwaka inaenda Kapkatet kunywa pombe. Siku mzee akifunga macho, Onsongo ataniambia nini?"

Wote walijua. Mjane asiye na kijana, mwenye wasichana tu, alikuwa pale kwa sababu ya mzee. Pumzi za mzee ndizo zilikuwa kodi ya nyumba yake. Kila alipomsikia akikohoa kupita kiasi, alikuwa akisikia mlango ukifungwa.

"Nataka mistari ya chai yenye namba yangu," akasema. "Mzee akiwa bado hai. Si huruma. Ni malipo."

Wakaanza kukutana. Kwangu, mahali pengine wapi. Nilisogeza magunia ya mkaa, nikaazima benchi kanisani. Wakakubaliana kwamba kila mwanamke anayetunza mgonjwa wa boma apewe mistari yake na namba yake kwa karani wa mizani. Mgonjwa akifa asifukuzwe. Na siku moja kwa wiki kijana wa mzee aje amwangalie baba yake ili huyo mama apumzike, hata kama kupumzika ni kwenda kanisani na kusinzia.

Walipeleka maneno hayo kwenye baraza la naibu chifu, uwanjani hapo kwenye mizani. Naibu chifu alikuwa mtu mwenye haki, ila haki yake ilikuwa na woga kidogo. Aliwasikiliza, akasema haya ni mambo ya boma, serikali haiingii chumbani. Onsongo alikuwa amekuja siku hiyo, viatu vimeng'aa.

"Haya basi," akasema, "na kuku nao waje wadai mshahara wa mayai."

Wanaume wakacheka. Bochaberi alingoja wamalize.

"Kuku akiacha kutaga unamchinja, unamla. Mimi nikiacha, Onsongo, utakula nini? Na nani atamwosha babako?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha wanaume.

Mwaka uliotangulia walimu walikuwa wamegoma, manesi wakagoma, kwa hiyo neno mgomo lilikuwa linapita midomoni kama peremende. Siku nane hivi baada ya baraza, likafika kwangu. Waliamua kuacha kubadilishana. Chakula na maji wazee wangepata, hilo hawakubishana. Lakini kuosha, kugeuza na kubadilisha matandiko, hapana, mpaka watoto wa kiume waje kuzungumza. Kila mmoja alileta mche wake wa sabuni, akauweka kwenye meza yangu, nami nikazifungia kabatini pamoja na sukari. Bochaberi akasema, "Yeyote atakayevuka kwenda boma la mwingine ametuuza sisi wote." Wakaitikia.

Ni Janeffer aliyechagua wiki. "Tuanze wiki ya bonasi. Wanaume wote watakuwa nyumbani." Wote wakaona ni akili.

Na hapo ndipo walipopotea. Wiki ya bonasi wanaume wa chai hurudi kuchukua pesa, hawarudi nyumbani. Asubuhi unawaona kwenye benki, mchana unawaona kwenye nyama, na baada ya hapo hakuna anayewaona mpaka mifuko ikauke. Kila mwanamke wa eneo letu anajua hivyo, amelia kwa sababu ya hivyo. Lakini siku ile kila mmoja alikuwa anafikiria mzee kitandani na kijana akimtazama, na akasahau kijana atakuwa wapi.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili Gibson alifika kwake kwa bahati mbaya, alikuwa amesahau koti, akakuta baba yake amelala katika hali yake. Chemutai akamwonyesha beseni. Nasikia alijaribu. Alianza na miguu, au tuseme mguu, akafika kiunoni, akatoka nje kutapika kwenye maua. Alikuja kwangu akiwa mweupe kama unga, akaagiza chai ya rangi.

"Mama Vinny," akaniambia, "kwani hao wanawake wanafanya hiyo kila siku?"

"Kila siku, na kabla ya kuchuma."

Akainamisha kichwa. Wanaume wawili waliokuwa wanamcheka mezani wakaacha. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kila boma, kwa sababu nilihakikisha imefika.

Lakini Onsongo hakuja. Bochaberi alituma mtu Kapkatet mara mbili. Mara ya kwanza hakupatikana. Mara ya pili alipatikana kwenye lodging, nyumba ya wageni, akajibu, "Mwambieni mgomo ni wake na uchafu ni wake. Mzee akiumia nitajua nani wa kuuliza."

Siku iliyofuata Valary alimpelekea babu yake uji, maana mjukuu hana chinsoni na babu, wanataniana. Alitoka mbio.

"Mama, kidonda cha babu kiko na wadudu."

Alikuwa na kidonda mgongoni, kama wote wanaolala upande mmoja. Chemutai alikuwa akikisafisha kwa maji ya chumvi na kumgeuza, kikawa kinafunga. Kwa siku chache tu kikafunguka.

Bochaberi alishuka mpaka kwenye kijito. Chemutai alikuwa ng'ambo anafua. Hayo nilielezwa na wote wawili, na hawakutofautiana.

"Mzee ameharibika," Bochaberi akasema.

Chemutai akaweka nguo chini. "Niambie nije. Sema tu."

"Ukivuka, wote wamekuona. Gibson amelegea jana, wanaume wengine wanaanza kusikia. Tecla atasema kama Chemutai amevuka na yeye anaenda. Jioni itakuwa imekwisha, na hatutaitisha tena kitu maisha yetu."

"Basi utafanya nini? Umwache aoze?"

"Nenda ufue."

"Bochaberi. Usiingie hapo ndani. Unajua vile watakufanya."

"Nimesema nenda ufue, dada."

Akapanda kwangu. Hoteli ilikuwa imejaa, mvua inaanza, watu wamekaa mpaka kwenye magunia. Akanyoosha mkono akaniambia, "Nipe sabuni yangu." Nikafungua kabati. Sikumwuliza kitu, na wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kutokea.

Aliingia chumbani kwa baba mkwe wake mchana mweupe, mlango wazi, kwa sababu hakutaka isemwe alijificha. Mzee alipoona ni yeye, alifunika macho kwa ule mkono wa kushoto uliobaki mzima.

"Toka," akasema.

"Nitatoka nikimaliza, mzee."

"Bochaberi. Toka." Tangu Bochaberi aolewe, mzee hakuwa amemwita kwa jina.

Bochaberi alijaribu kuosha akitazama ukuta. Lakini kidonda hakioshwi ukitazama ukuta. Basi akatazama. Akatoa wadudu kwa kijiti na pamba, akaosha mgongo, akaosha kote, akabadilisha shuka, akamlaza upande wa pili na mto wa majani makavu nyuma yake. Muda wote mzee alikuwa analia bila sauti, machozi yanapita upande mmoja tu wa uso, ule ulio hai. Bochaberi alipomaliza, mvua ilikuwa imekatika, akaanika shuka uani, akakaa chini kwenye tope mbele ya nyumba yake.

Na Onsongo, ambaye hakuja kwa shida ya baba yake, alikuja kesho yake kwa hamu. Alikuja na wazee wawili wa Kisii awaonyeshe ukatili wa mke wa ndugu yake. Tecla alikuwa pale, nami nilikuwa pale, nilikuwa nimepeleka maziwa. Akakuta shuka safi uani na mzee ananukia sabuni.

Alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, mshenzi yule.

"Kumbe mgomo umekwisha. Huyo Mkipsigis wako amevuka. Asante Mungu. Ngoja nipite hotelini niwaambie wengine wakachukue mabeseni."

Nilimwona Tecla akimtazama Bochaberi. Neno moja tu lilitakikana, ndiyo. Aseme ndiyo, Chemutai alikuja, na yeye angebaki mke wa boma lile, safi, na mgomo ungekufa hapo uani.

"Chemutai hakuja," Bochaberi akasema.

"Basi nani?"

"Ni mimi."

Wazee wale wawili walirudi nyuma hatua, kama wamekanyaga moto. Onsongo aliacha kutabasamu, lakini nakwambia, macho yake hayakuhuzunika. Nilimwona akielewa, taratibu, alichopewa.

Walikaa kikao. Wakasema amevunja chinsoni, boma limechafuka, lazima achinje mbuzi atakaswe, ndipo akae tena na watu wa nyumba. Mpaka hapo asikanyage kiwanja cha mzee, asile na watu wa boma, na jambo lolote la mali lisitajwe yeye akiwepo. Hakuna aliyeuliza mzee alikuwa amekaa siku ngapi bila kijana wake. Hilo halikuwa na mbuzi.

Wanawake hawakungoja. Chemutai alivuka na mbuzi wake mwenyewe, beberu mzuri mweusi, amemfunga kamba ya mkonge. Onsongo akakataa.

"Mbuzi wa nje hatakasi. Lazima atoke zizi la mume wake."

"Zizi la mume wake liko wapi?" Chemutai akauliza.

"Liko kwangu. Ndugu yangu alikufa, mifugo ikaja kwangu."

"Basi toa mmoja."

"Mimi sijavunja kitu. Nitoeje?"

Mzee Nyamwange alisikia kutoka chumbani. Aligonga ukuta kwa mkono wake mzima, akasema, "Wangu. Mpeni wangu." Walimsikia wote. Mmoja wa wale wazee alieleza kwa upole kwamba aliyekosewa hawezi kujilipia fidia yake. Mzee Nyamwange akaendelea kugonga mpaka akachoka.

Lakini wanawake walishinda, nataka nisiache hilo. Kwa vile Chemutai hakuvuka na beseni, hakuna aliyevuka. Pesa ya bonasi iliisha, wanaume wakarudi nyumbani na harufu ikawapokea. Gibson ndiye wa kwanza kumpeleka mke wake kwa karani kumfungulia namba, mistari yote ya upande wa kijito. Akafuata mume wa Janeffer, akafuata wa Tecla, wengine kwa kununa, wengine kwa kuona haya. Kwenye baraza lililofuata naibu chifu alisimama, akasema kwa sauti kwamba hayo makubaliano ameyasikia na asisikie mama amefukuzwa. Alipofika hapo alitazama viatu vyake. Boma la Nyamwange, akasema, lina mambo ya mila, hilo tuwaachie wenyewe.

Mzee alikufa Novemba. Kile kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Onsongo alikuwa amemkataza Chemutai kukanyaga pale, akaajiri mtu tena, na yule mtu aliogopa kukigusa. Siku ya mazishi walikuja watu wengi, walichinja ng'ombe, Onsongo alilia vizuri sana. Bochaberi hakuruhusiwa kuingia. Tulisimama yeye na mimi na Chemutai nje ya ua wa misaiprasi, mvua inatunyeshea, tukisikiliza mchungaji akimsifu kijana aliyemtunza baba yake mpaka mwisho. Bochaberi alikuwa ameshika waya wa ua kwa vidole viwili, anauachia, anaushika.

Kabla matanga hayajaisha, Onsongo alikuwa ameweka kufuli nyumba ya Bochaberi. "Aende kwao Nyamira," akasema. "Hapa alikuwa wa mzee." Nilimpa chumba cha nyuma, pale nilipokuwa naweka mkaa. Valary alilala na watoto wangu. Mwenye duka wa pale juu, ambaye yule dada wake wa kazi alikuwa ameondoka, alisikia, akaja kumwomba amwangalie mama yake, kwa mshahara. Wa kwanza kati ya wanawake wa mabeseni kulipwa mshahara kwa kazi ile akawa Bochaberi, na alilipwa kwa sababu hakuwa tena wa boma la mtu yeyote.

Januari wakakutana tena kwangu. Benchi zilijaa, nikapika maandazi, vicheko vilikuwa vingi, maana kila mmoja alikuwa na hadithi ya pesa yake ya kwanza. Janeffer alikuwa amenunua sweta. Bochaberi alikaa mlangoni pake pale pale. Walipotulia, akasimama.

"Nina jambo," akasema. "Chai ya mume wangu iko pale, na inachumwa. Nawaomba siku ya kupima twende sote tukae kwenye mistari ile. Tusichume, tukae tu. Naibu chifu atalazimika kuja. Mkiwa wote hawezi kusema ni mila."

Tecla akasogeza kikombe chake.

"Ni vizuri," Tecla akasema mwishowe. "Lakini tungoje kidogo. Namba zenyewe ni mpya."

"Mume wangu anasaga mahindi kwa Onsongo," akasema mwingine. "Akisikia nimekaa kwa shamba la watu ataninyang'anya namba."

"Na ile ya kuosha, Bochaberi," Janeffer akasema, bila ubaya, akikunja kona ya sweta yake. "Hiyo ndiyo inasumbua watu. Ungekuwa na kesi nyingine tungekuwa nyuma yako asubuhi."

Bochaberi aliwazunguka kwa macho, mmoja mmoja. Wengine walikunywa chai iliyokwisha.

"Ningemwacha?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Akaufunga mtandio kichwani. "Sawa. Wacha nikamgeuze mama wa watu, saa yake imefika." Akatoka. Chemutai akainuka, akamfuata, akamshika mkono hapo nje kwenye tope, nami nikaenda mlangoni, maana ndivyo nilivyo.

"Mimi nitakuja," Chemutai akamwambia. "Hata kama ni sisi wawili. Sema ni lini."

"Tukiwa wawili watatupiga, dada."

"Sema tu ni lini."

Lori lilikuwa limefika. Karani alikuwa amepanda kwenye jukwaa la mizani, anaita namba kwa ile sauti yake ya puani, na majani yakikaa kikapuni sana yanaungua, yanakataliwa. Aliita namba ya Gibson. Halafu akaita ya Chemutai. Chemutai alimtazama Bochaberi, akatazama kikapu chake kwenye foleni. Karani akaita mara ya pili.

"Nenda," Bochaberi akasema. "Yataungua."

Chemutai akaenda kupima. Aliporudi kutoka mizani, kikapu kitupu begani, barabara ya kwenda dukani ilikuwa na watu wengi wanaopanda na kushuka, na hakuweza kumwona Bochaberi.